Kobe akiinama, huenda hatungi sheria

Jirani yangu wa hapa kusini mwa Uingereza, bibi wa miaka themanini na kitu, alipohamia nyumba ya wazee aliniachia kobe wake. Alinikabidhi akiwa ndani ya boksi la ndizi, pamoja na cheti cha umiliki na kikaratasi alichoandika kwa mkono: "Hapendi mvua." Nilicheka. Sisi tuliokulia Tanga tunamjua kobe kama mnyama asiyetaka matunzo. Alikuwa akipita uani baada ya mvua, watoto tunamgeuza chali kumwona anavyofurukuta, mama anatufokea, tunamgeuza tena, naye anashika njia yake. Nani aliwahi kumjengea kobe banda?

Mwezi wa kumi ulipofika nilimkuta asubuhi moja kando ya ua, kichwa ndani, miguu ndani, gamba limelowa umande. Nikajisemea ule msemo wetu: ukimwona kobe kainama, ujue anatunga sheria. Nikaenda kazini. Siku ya tatu alikuwa palepale, sheria haijakamilika. Nilimpeleka kwa daktari wa wanyama, naye alimpima joto, akamtazama pua na macho, akaniambia huyu hatungi chochote. Amepoa kiasi cha kushindwa kutembea na kula, lakini hajapoa kiasi cha kulala. Yuko katikati, na wengi hufia hapo katikati.

Tangu hapo nimegundua kwamba karibu kila tunachoamini juu ya kobe na hatari zake kimekaa kichwa chini miguu juu. Tunaamini gamba linamlinda na wanyama, kumbe halimlindi vile tunavyodhani. Tunaamini baridi inamuua, kumbe kobe wa aina fulani anaihitaji, ila iwe baridi ya kweli, iliyopimwa, kwa muda wake.

Gamba si nyumba

Vitendawili vyetu humfanya kobe mtu anayetembea na nyumba yake, na hapo ndipo upotoshaji unapoanzia. Nyumba mtu anaweza kutoka. Gamba la kobe ni mifupa yake mwenyewe: uti wa mgongo na mbavu zimeungana nalo, na juu yake kuna vigae vya kitu kilekile kinachofanya kucha zetu. Lina damu na lina mishipa ya fahamu. Ukilikwaruza kwa nguvu anasikia, ukilipasua umemvunja mfupa. Isitoshe, la kobe mchanga bado ni laini. Lile la kobe wa mwaka mmoja linabonyea ukilikamata vibaya.

Sasa mlete mbwa. Watu wakiuliza adui mkubwa wa kobe wa kufugwa ni nani, wanategemea nitaje mbweha au ndege mkubwa wa kuwinda. Jibu ni mbwa wa nyumbani, na mara nyingi ni yule mpole, anayejua jina la kobe, aliyekaa naye miaka minne bila tatizo. Mbwa wa namna hiyo hamshambulii kobe kwa hasira. Anajilaza kwenye nyasi, anamweka kati ya miguu ya mbele, anainamisha kichwa upande, na kuanza kutafuna ukingo wa gamba kwa magego, taratibu, kwa raha zake, kama afanyavyo na mguu wa mbuzi. Kwake yeye kobe ni mfupa unaotembea. Na kobe hana sauti ya kupiga kelele. Anachofanya ni kuingiza kichwa na kusubiri, nawe uko jikoni unaosha vyombo, bustani imetulia kabisa. Kwa hiyo kanuni yangu haina mjadala: mbwa na kobe hawaachwi pamoja bila mtu mzima kuwepo, hata mbwa awe mzee asiye na meno mengi.

Mbweha wa mijini huku ni wengi, na huingia bustani usiku. Hahangaiki na gamba, anatafuta kilichochomoza: mguu, mkia, kichwa kilichochelewa kurudi ndani. Mtu wa kwanza kuwaza ukuta mrefu amekosea njia, kwa sababu mbweha hupanda na pia huchimba. Kinachofanya kazi ni kisanduku cha usiku chenye komeo. Kila jioni kobe anaingizwa humo, mlango unafungwa, asubuhi unafunguliwa. Kazi yake inachukua dakika mbili. Ugumu wake ni kwamba haina siku ya mapumziko, na siku utakayosahau ndiyo mbweha atakayopita. Ukitaka kufunika eneo lake lote, usitumie wavu wa kuku, maana ule ni wa kumzuia kuku asitoke, haukutengenezwa kumzuia mwenye meno asiingie. Tumia wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu madogo yasiyopitisha hata panya.

Panya nimemtaja haraka lakini anastahili aya yake. Kobe aliye macho na mwenye joto humwacha panya solemba kwa kujifungia tu. Kobe aliyelala usingizi wa baridi hawezi. Daktari yule aliniambia juu ya kobe aliyeletwa mwezi wa pili kutoka banda la vifaa, ndani ya boksi la mbao lililojaa nyasi kavu, sehemu nzuri kabisa kwa macho ya mwenyewe. Panya walikuwa wametafuna miguu ya mbele, usiku baada ya usiku, na hakuna aliyejua mpaka siku ya kumwamsha. Nyasi kavu ndani ya boksi, ndani ya banda lisilofika mtu: kwa panya hiyo ni hoteli yenye chakula.

Ndege ni hatari kwa wadogo. Kunguru, na huku hata shakwe, humdonoa kobe mchanga mpaka wamfungue. Ndiyo maana kobe wa miaka ya mwanzo hafai kukaa nje bila kifuniko juu, hata mchana, hata kwa nusu saa. Wanaofuga pwani yetu wanamjua kunguru yule wa Kihindi aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa yuko kila jalala. Anahesabu watu waliomo nyumbani kwa makini kuliko unavyodhani. Bara kuna nguchiro, kuna kenge, kuna hondohondo wale wakubwa watembeao ardhini, na kuna siafu, ambao hakuna wavu unaowazuia. Siafu wakipita, kobe mkubwa huenda akapona kwa kuondoka. Aliyefungiwa kwenye kisanduku hana pa kwenda. Eneo lenye siafu, kisanduku kikae mahali unapoweza kukisikia na kukifikia usiku.

Hapo naomba niseme la sheria, maana najua kuna anayesoma haya akiwa Dodoma au Machakos na amemwokota kobe barabarani. Tanzania na Kenya kobe wa porini ni nyara ya taifa, na kumfuga bila kibali ni kosa. Ukimkuta anavuka barabara, mvushe upande aliokuwa anaelekea, umwache. Ukimkuta ameumia, toa taarifa kwa mamlaka ya wanyamapori: TAWA kwa Tanzania, KWS kwa Kenya. Yule kobe bapa wa kwenye miamba, anayefanana na chapati, amewindwa kwa biashara mpaka mwaka 2019 akapandishwa kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori. Huku Uingereza nako, kobe wa Mediterania, kama huyu wangu, hauzwi bila cheti. Zamani waliletwa kwa mamia ya maelfu, wamerundikwa kwenye makreti, wengi wakafa majira ya kwanza tu ya baridi, hadi biashara hiyo ilipopigwa marufuku mwaka 1984.

Na adui mwingine ana miguu miwili. Kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe, kilipokea kobe wanne wakubwa wa Aldabra mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli. Wakazaana. Kufikia mwaka 1955 walikuwa karibu 200. Hakuna mbweha Changuu, wala theluji. Lakini kufikia mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba. Walikuwa wakiibwa, wadogo kwa wakubwa, wakauzwa. Leo watoto wao hukaa kwenye boma la peke yao lenye ulinzi. Mimi nilipofika pale nikiwa kijana nilidhani boma lile ni la kuwazuia wasitoroke.

Baridi ya nusu

Kobe hatengenezi joto lake. Joto la mwili wake ni joto la mahali alipo, akiongeza kidogo kwa kuota jua. Hilo tulifundishwa shuleni na tukaliacha hapo. Matokeo yake ndiyo hatukuambiwa: kila kitu ndani ya kobe, kusaga chakula, kupambana na vijidudu, kupumua, kuwaza kama anawaza, kinakwenda kwa kasi ya joto hilo. Akiwa kwenye nyuzi 28 ni mnyama mzima. Akishuka kwenye nyuzi 12 tumbo limesimama, lakini chakula alichokula jana bado kimo, nacho hakisubiri. Kinachacha na kuoza. Kinga yake imelala, ila vijidudu vya kwenye mapafu havijalala. Moyo na ini vinaendelea kula akiba ya mafuta bila yeye kuweza kula mdomoni. Hii ndiyo baridi ya nusu, na ndimo alimokuwa kobe wangu zile siku tatu.

Mapafu ndiyo huanza kulalamika. Kobe hana ule msuli mpana chini ya mbavu tunaoutumia sisi kukohoa, kwa hiyo ute ukijaa kifuani hana namna ya kuutoa. Utaona mapovu puani, shingo imenyooshwa, mdomo unafunguka kila anapovuta pumzi. Ukifikia kuona hayo, usisubiri kesho.

Ongeza maji juu ya baridi hiyo na umemaliza kazi. Gilbert White, padri wa kijiji cha Selborne karne ya 18, alirithi kobe kutoka kwa shangazi yake mwaka 1780 na akamwangalia kwa miaka kama mtu anayesubiri barua. Alishangaa kwamba mnyama mwenye gamba la kuhimili gurudumu la mkokoteni alikuwa anakimbia manyunyu kama bibi aliyevaa nguo ya sikukuu. Kobe huyo aliitwa Timothy maisha yake yote, na baada ya kufa ikagundulika alikuwa jike. Gamba lake liko kwenye makumbusho ya historia ya viumbe jijini London. Nilipoyasoma haya nilikikumbuka kile kikaratasi cha jirani yangu, nikaona aibu.

Timothy alijizika mwenyewe ardhini kila Novemba na kuibuka majira ya kuchipua, na watu wengi huku husema basi na wangu nitamwacha ajizike. Ni kweli kobe wa Mediterania kwao hufanya hivyo. Lakini kwao ni mteremko mkavu wenye mawe, maji yanapita, baridi inashika na kubaki. Udongo wa bustani ya Uingereza ni mfinyanzi uliolowa, na majira ya baridi ya siku hizi yana vipindi vya uvuguvugu katikati. Anazama kwenye matope, anaamka nusu mwezi wa kwanza, hana jua, hana chakula, barafu inarudi. Ikishuka chini ya sifuri pale alipo, macho huharibika, na wapo wanaoamka wakiwa vipofu.

Ndipo linapokuja jambo ambalo nikiwasimulia ndugu zangu kwa simu wanadhani nimerukwa na akili. Kobe wangu hulala kwenye friji.

Sababu ni ya kawaida kabisa. Kobe anayelala anataka nyuzi 5, na mpaka wa usalama ni kama nyuzi 3 hadi 7. Ikizidi 10 anaanza kuamka na kuunguza akiba. Chombo cha nyumbani kinachoweza kukaa kwenye nyuzi 5 wiki kumi mfululizo, kavu, kisichoingilika na panya wala mbweha, ni kimoja. Boksi darini au kwenye banda haliwezi.

Kazi kubwa iko kabla ya friji. Kwanza daktari anamwangalia. Kobe mgonjwa, au aliyekonda, au aliyepatikana juzi, halazwi mwaka huo, anabaki ndani kwenye taa na joto na anakula kama kiangazi. Halafu chakula kinasimamishwa. Kwa ukubwa wa wangu ni wiki tatu, joto likiwa bado linatosha kusaga kilichomo, kisha linateremshwa pole pole. Siku zote hizo anaogeshwa kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni, ili anywe, ajaze kibofu. Kibofu ndicho mtungi wake wa safari. Ndiyo maana akikojoa katikati ya usingizi unamwamsha siku hiyohiyo: mtungi umemwagika.

Mwaka jana alipoingia alikuwa na gramu 1,240 kwenye mizani ya jikoni. Kobe mzima anayelala vizuri hupoteza takriban asilimia 1 ya uzito kwa mwezi, kwa hiyo nilitegemea apungue kama gramu 12 kila mwezi. Nilimpima kila Jumapili, haraka, kwa mikono baridi. Baada ya wiki 11 alikuwa na gramu 1,208. Kama ungepungua ghafla, au ukakaribia asilimia 10 kwa jumla, ningemtoa. Boksi lake lina matundu na udongo mkavu kiasi. Kipimajoto kimelala kando yake, maana namba za kwenye kitufe cha friji ni porojo. Chupa za maji zimejaa rafu nyingine ili joto lisipande na kushuka kila mlango ukifunguliwa, na mlango hufunguliwa kila siku kidogo, kwa sababu hata aliyelala anavuta hewa. Kuamka ni kinyume chake: chumba cha kawaida, taa, bafu la uvuguvugu. Atakunywa kwanza, kwa muda mrefu ajabu, utaona koo linacheza. Asipokula ndani ya wiki moja, kwa daktari.

Si kila kobe alale

Nimeyaandika yote hayo kwa hofu moja, kwamba mtu atamtia kobe wa Kiafrika kwenye friji. Kobe madoa wa nyika zetu, na yule mkubwa wa Saheli anayeuzwa sana Marekani na Ulaya akiwa mdogo kama limao na kufikia kilo 50, hawana usingizi wa baridi hata chembe. Ukimlaza huyo, umemuua. Kwa hiyo kabla ya banda, kabla ya taa, swali la kwanza ni: wako ni kobe wa wapi? Muuzaji akisema "kobe tu", ondoka dukani.

Anayewatunza kobe wa kitropiki mahali pa baridi, awe na kibali Limuru au awe anaishi Minnesota, ajue kwamba usiku wenyewe si tatizo kubwa. Kobe madoa huko porini huvumilia usiku wa ubaridi, kwa sababu kesho yake saa tatu jua linamrudishia kila kitu. Shida ni mwezi wa saba wa Limuru au Njombe: ukungu wiki nzima, manyunyu, jua halitoki. Usiku amepoa, mchana hakupata moto, kesho anaanza akiwa na deni, na deni linalimbikizwa. Siku za namna hiyo lazima joto litoke kwako.

Banda la usiku liwe dogo. Watu hujenga kubwa kwa huruma, kisha wanashindwa kulipasha. Liinuliwe kutoka ardhini, sakafu na kuta ziwekwe povu gumu kama la maboksi ya samaki katikati ya mbao mbili, asipoweza kulifikia na kulitafuna. Mlangoni ning'iniza vipande vya plastiki nene, apite mwenyewe bila joto kutoka. Hita iwe na kidhibiti joto, na ifungwe vizuri ukutani. Taa ya kuning'inia juu ya nyasi kavu imeshateketeza mabanda na waliomo. Wengi hawaruhusu ndani kushuke chini ya nyuzi 15 kwa kobe madoa, na yule wa Saheli anataka zaidi. Nyasi zikilowa, zitolewe siku hiyohiyo.

Kibanda cha vioo kinasaidia sana mchana, hata kwa wale wa Mediterania, majira ya kuchipua yanapokuwa na jua lisilo na moto. Ila kioo, na ile plastiki ya polikaboneti ya kawaida, huzuia mionzi ya jua iitwayo UVB, ambayo kobe anaihitaji kutengeneza vitamini D na mifupa, pamoja na gamba lenyewe. Kwa hiyo mlango ubaki wazi kukiwa na joto, au kuwe na taa ya UVB ndani. Na kuna ubaya wa pili: siku ya jua kali kibanda hicho ni tanuri, na kobe aliyepinduka chali ndani yake hana saa nyingi. Kona za boma zisiwe na mawe ya kupandia, kwa kuwa wengi hupinduka wakijaribu kutoroka konani. Ukuta uwe wa kitu asichoona ng'ambo yake. Akiona nje kupitia wavu atasukuma kutwa nzima, pua ichubuke.

Wangu yuko wiki ya pili ya kufunga sasa. Friji ndogo ya chumba cha nyuma nimeiwasha tangu juzi, kipimajoto kinasoma 5, mara 4, mara 5. Mwanangu amebandika karatasi mlangoni, kwa kalamu nyekundu: "Bunge limeahirishwa hadi mwezi wa pili."